John Muir: Kalamu Iliyoihifadhi Misitu ya Sierra Nevada

Swali la iwapo maandishi yanaweza kubadilisha lolote nje ya kurasa zake ni kongwe, nasi wanafunzi wa Kiswahili tumelijadili hadi likaelekea kutuchosha. Aghalabu mifano inayotolewa ni ya riwaya na tamthilia zilizowaudhi watawala. Ni nadra kutajwa kwa maandishi yaliyobadilisha hatima ya mlima, ya mto au ya mti. Makala hii inakusudia kumulika maisha ya mtu ambaye maandishi yake yaligeuka kuwa sheria za nchi. Mtu huyo ni John Muir, mzaliwa wa Uskoti aliyeishi Marekani na kufariki mwaka wa 1914. Muir hakuwa mshairi wala mtunzi wa riwaya. Alikuwa mkulima, fundi wa mitambo, mchungaji wa kondoo na mpanda milima ambaye uandishi ulimtesa kuliko kupanda majabali. Hata hivyo, misitu ya milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California ilihifadhiwa, kwa kiasi kikubwa, katika sura aliyoichora yeye. Aliyoyaona akayaandika yalilindwa. Yale aliyoyapuuza yalipata taabu, kama itakavyodhihirika.

Muir alizaliwa tarehe 21 Aprili 1838 katika mji wa Dunbar, ulio pwani ya mashariki ya Uskoti, akiwa mtoto wa tatu miongoni mwa wanane. Baba yake, Daniel Muir, alikuwa mcha Mungu wa kupindukia ambaye kwake fimbo ilikuwa sehemu ya ibada. Mtoto alilazimishwa kuikariri Agano Jipya lote na sehemu kubwa ya Agano la Kale, na kila aya iliyomponyoka aliilipia kwa ngozi ya mgongo wake. Labda hii ndiyo sababu sentensi zake za utu uzima zina mdundo wa Zaburi hata anapoeleza namna theluji inavyoyeyuka.

Mwaka wa 1849 familia hiyo ilihamia Marekani na kuanza kulima ardhi mpya katika jimbo la Wisconsin. Huko John alifanyishwa kazi ya punda. Katika shamba lao la pili alikabidhiwa nyundo na patasi achimbe kisima kwenye mwamba. Kila asubuhi aliteremshwa kwa ndoo, na jioni akapandishwa, hadi kisima kikafikia kina cha futi 90, yaani mita 27 hivi. Siku moja hewa chafu iliyotuama chini ilimlevya, akaponea chupuchupu. Alipopata nafuu alirudishwa kisimani.

Kwa kuwa mchana haukuwa wake, aliamka saa saba usiku kusoma na kuchonga mitambo ya mbao: saa za aina aina na kitanda kilichomwinua mlalaji ilipofika saa ya kuamka. Mwaka wa 1860 aliipeleka mitambo hiyo katika maonyesho ya jimbo mjini Madison, nayo ikamfungulia njia ya kuingia Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alisoma hapo hadi mwaka wa 1863, akaondoka bila shahada. Mambo mawili ya chuoni hayakumtoka. La kwanza ni somo alilopewa na mwanafunzi mwenzake chini ya mti mrefu wenye miiba. Mwenzake huyo alimwonyesha kwamba, licha ya kimo chake, mti ule ni wa jamii moja na njegere. La pili ni kufahamiana na Jeanne Carr, mke wa profesa wake, mwanamke aliyependa mimea na ambaye kwa miaka mingi alimhimiza kwa barua ayaweke maandishini yale aliyokuwa akiyaona.

Lau si ajali, huenda Muir angekufa akiwa fundi tajiri. Mnamo Machi 1867 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari ya farasi mjini Indianapolis. Alipokuwa akishughulikia ukanda wa mashine, tupa iliyokuwa mkononi mwake iliteleza na ncha yake ikamchoma jicho la kulia. Baada ya muda mfupi hata jicho la kushoto likaacha kuona. Alilala majuma kadhaa katika chumba chenye giza bila kujua kama angeona tena. Macho yalipopona, aliyaaga maisha ya viwandani. Mwezi Septemba mwaka huohuo alianza safari ya miguu ya takriban maili elfu moja, kutoka Kentucky hadi Florida, akikusanya mimea njiani. Alipofika pwani malaria ikamwangusha. Alipopata nguvu alipitia Kuba, na mnamo Machi 1868 akateremka San Francisco. Akiwa hapo aliuliza njia ya kuelekea milimani.

Inafaa tusite kidogo hapa tuitazame milima yenyewe. Safu ya Sierra Nevada ina urefu wa kilomita 640 hivi, na kilele chake kirefu zaidi, Mlima Whitney, kina kimo cha mita 4,421. Upande wa magharibi hupokea unyevu wa Bahari ya Pasifiki wakati wa kipupwe, na sehemu kubwa ya unyevu huo huanguka kama theluji. Kiangazi hakina mvua ya maana. Kwa hivyo theluji ndiyo ghala la maji: huyeyuka polepole na kuinywesha misitu, mito na mabonde ya chini wakati mbingu zimefunga. Yeyote aliyewahi kupanda Mlima Kenya anajua jinsi uoto unavyobadilika kadiri mtu apandavyo, kutoka miti mikubwa hadi mianzi, kisha nyasi na lobelia. Huko Sierra mambo ni vivyo hivyo, ila mimea ni mingine. Chini kuna mialoni na vichaka vikavu. Juu yake huja misonobari ya aina mbalimbali, mmojawapo ukiwa msonobari wa sukari ambao tunda lake laweza kufikia urefu wa nusu mita. Kisha kuna mierezi, na juu kabisa, karibu na mwisho wa miti, kuna misonobari midogo iliyopindwa na upepo hata ikawa kama inatambaa.

Baina ya mita 1,400 na 2,200 hivi, kwenye miteremko ya magharibi pekee, ndipo imeapo misekwoya, miti mikubwa kuliko yote duniani kwa ujazo. Mmoja wao, uitwao General Sherman, una urefu wa mita 84 na ujazo wa takriban mita za ujazo 1,487. Baadhi yao wameishi zaidi ya miaka 3,000. Haimo kila mahali. Imejikusanya katika vichaka sabini na kitu, vilivyotengana kama visiwa ndani ya bahari ya misonobari.

Muir aliingia msituni kwa mlango wa kazi ya kibarua. Kiangazi cha mwaka wa 1869 alifuatana na kundi la kondoo zaidi ya 2,000 wakielekea malisho ya juu ya Tuolumne. Aliona jinsi walivyoyakwangua maua na miche hadi ardhi ikabaki uchi, na kuanzia hapo akawafananisha na nzige. Baadaye aliajiriwa katika kiwanda cha kupasulia mbao kwenye bonde la Yosemite, akisisitiza kupasua miti iliyokwisha kuangushwa na upepo tu. Muda wake mwingine wote aliutumia kupanda miamba, mara nyingi peke yake, mfukoni akiwa na mkate na majani ya chai.

Ugunduzi wake wa kwanza ulihusu mawe. Josiah Whitney, mkuu wa utafiti wa jiolojia wa jimbo hilo, alishikilia kwamba bonde la Yosemite lilitokea sakafu yake ilipodidimia kwa ghafla. Muir aliyasoma mikwaruzo na mng'aro wa miamba, akahitimisha kuwa bonde lilichongwa na mito ya barafu ya kale. Whitney alimpuuza kama mchungaji asiyejua kitu. Mwaka wa 1871 Muir alikuta mto wa barafu uliokuwa bado hai katika milima hiyo, na mwezi Desemba gazeti la New York Tribune likachapisha makala yake kuhusu barafu za Yosemite. Alitia chumvi kuhusu ukubwa wa barafu hizo, lakini katika kiini cha hoja mchungaji alikuwa sahihi kuliko profesa.

Alipoigeukia miti alitumia jicho lilelile. Mwaka wa 1875 alisafiri na nyumbu mmoja kuufuata ukanda wa misekwoya, akichunguza kwa nini imekatika hapa na kuendelea pale. Aliona kwamba mapengo mengi yalilingana na njia za mito ya barafu ya kale. Kwamba vichaka vya misekwoya vina maji mengi alikuwa na maelezo yaliyopindua fikra za watu: maji hayakuileta miti, bali miti ndiyo iliyoyaweka maji, kwani mizizi yake na takataka zilizooza chini yake huyafyonza kama sifongo na kuyaachilia kidogo kidogo. Wanasayansi wa leo wangempinga kwa sehemu, kwa kuwa misekwoya huhitaji udongo wenye unyevu ili iote. Hata hivyo, wazo la msingi kwamba anayekata msitu wa mlimani anakausha mto wa bondeni halijazeeka, na Mkenya hahitaji kufasiriwa maana yake. Alichunguza pia kuchakuro anayeyakata matunda ya misonobari na kuyafukia, na chungu ya mawe iliyoachwa na barafu ambayo ndiyo iliyokuwa udongo wa msitu. Kila kitu alichokigusa alikikuta kimefungwa na kingine.

Katika safari hiyohiyo ya 1875 alikutana na moto mkubwa katika msitu wa misekwoya wa mto Kaweah, akapiga kambi karibu nao kuutazama. Aliandika baadaye kwamba moto ni adui mkubwa wa misekwoya, na wakati huohuo ndio unaowaandalia watoto wake ardhi tupu ya kuotea. Hili ni jambo zito. Leo inajulikana kwamba matunda ya msekwoya hubaki yamefumba mtini hata miaka ishirini, yakingoja joto la moto liyafumbue. Mbegu zake ni ndogo mno, na hazioti vizuri palipo na majani makavu mengi. Gome lake, linaloweza kuwa na unene wa sentimita 60, huukinga mti mzazi dhidi ya miali ya chini. Kwa ufupi, Muir alikuwa ameshika ufunguo mkononi. Kwa bahati mbaya, katika maandishi yake ya uhamasishaji moto ulibaki kwenye orodha ya maadui, pamoja na shoka na kondoo.

Mwaka wa 1880 Muir alimwoa Louie Strentzel, wakapata binti wawili. Kwa takriban miaka minane alizama katika shamba la matunda la wakwe zake mjini Martinez, akapata fedha na kupoteza afya. Ni Louie aliyemwandikia mwaka wa 1888 kumsihi aliache shamba linaloyala maisha yake, arudi milimani na kwenye vitabu. Wahakiki wetu hawana mazoea ya kuwataja watu wa aina hii, lakini bila Jeanne Carr na Louie Strentzel sidhani kama tungekuwa na mwandishi wa kumjadili.

Mwaka uliofuata mhariri wa jarida la The Century, Robert Underwood Johnson, alikwenda naye hadi nyanda za Tuolumne. Kondoo walikuwa wameziharibu vibaya. Wakiwa kambini walikubaliana kwamba Muir aandike makala mbili, naye Johnson awashawishi wabunge. Makala zilitoka mnamo Agosti na Septemba 1890. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo sheria ya kuanzisha mbuga ya taifa ya Yosemite ikatiwa sahihi. Siku chache kabla, mbuga ya Sequoia ilikuwa imeanzishwa. Tarehe 28 Mei 1892 Muir na wenzake waliunda Klabu ya Sierra, naye akawa rais wake hadi kufa. Kitabu chake kuhusu milima ya California kilitoka mwaka wa 1894, na kile kuhusu mbuga za taifa kikafuata mwaka wa 1901.

Mojawapo ya matokeo ya kitabu hicho cha pili ni kwamba Rais Theodore Roosevelt aliomba kupiga kambi na mwandishi. Mnamo Mei 1903 wawili hao walilala nje usiku tatu, wa kwanza chini ya misekwoya ya Mariposa. Muir alimkabili rais kuhusu uharibifu wa misitu, na hata kumkemea kwa mapenzi yake ya kuua wanyama. Kuhusu misitu alisikizwa. Mwaka wa 1906 bonde la Yosemite, lililokuwa chini ya jimbo, lilirejeshwa kwa serikali kuu na kuunganishwa na mbuga. Kuhusu wanyama hakufua dafu. Mnamo Aprili 1909 Roosevelt aliteremka Mombasa, na katika safari yake ya Afrika Mashariki hadi Sudani yeye na mwanawe walipiga risasi wanyama wakubwa zaidi ya 500.

Tumefika sasa kwenye lile alilolipuuza. Bonde la Yosemite halikuwa tupu kabla ya Muir. Lilikuwa makao ya Waahwahneechee, ambao kiongozi wao Tenaya na watu wake walitimuliwa na kikosi cha wanamgambo mwaka wa 1851, miaka kumi na saba tu kabla Muir hajakanyaga huko. Wenyeji hao walikuwa na desturi ya kuichoma sakafu ya bonde mara kwa mara. Moto huo mdogo uliondoa vichaka na kuistawisha mialoni ambayo matunda yake yalikuwa chakula chao kikuu. Uwanda wa nyasi na miti iliyoachana, ule uliowafanya wageni wadhani wameingia bustani iliyopandwa na Mungu, ulikuwa kwa sehemu kazi ya mikono ya watu. Galen Clark, mlinzi wa kwanza wa bonde hilo, alitambua kwamba moto wa wenyeji ulipokoma vichaka vilifunga mandhari. Muir, mwenye jicho lililosoma mikwaruzo ya barafu kwenye jabali, hakukisoma kiganja cha binadamu kwenye nyasi. Wenyeji aliokutana nao aliwaeleza kwa maneno ya dharau, kama watu wachafu wasiolingana na usafi wa milima. Ni kweli kwamba alipowatembelea Watlingit wa Alaska baadaye lugha yake ililainika, na ni kweli kuwa si yeye aliyemfukuza Tenaya. Lakini msomaji wake alipewa picha ya nyika isiyo na mwenyewe, na sheria zikatungwa kwa picha hiyo. Mnamo Julai 2020 Klabu ya Sierra yenyewe ilikiri hadharani madhara ya matamshi hayo ya mwasisi wake.

Madhara kwa miti yalichukua muda kuonekana. Kwa miongo mingi wanajeshi, na baadaye walinzi wa misitu, walizima kila moto. Siasa hii haikutungwa na Muir, ila ilikubaliana na msamiati wake. Kuni zikajilimbikiza chini ya misekwoya, na miche ikawa haba. Kuanzia miaka ya 1960 wataalamu walianza kuwasha moto wa makusudi, lakini kwa eneo dogo mno. Katika mioto ya 2020 na 2021, iliyochochewa pia na ukame na ongezeko la joto duniani, inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 13 na 19 ya misekwoya mikubwa yote iliangamia. Miti iliyookoka mioto ya miaka elfu mbili iliungua hadi kileleni.

Miaka ya mwisho ya Muir iligubikwa na vita vya bonde la Hetch Hetchy, lililokuwa ndani ya mbuga ya Yosemite. Baada ya tetemeko na moto wa Aprili 1906, jiji la San Francisco liling'ang'ania kulizamisha bonde hilo ili lipate maji. Gifford Pinchot, mkuu wa idara ya misitu aliyewahi kuwa rafiki ya Muir, aliunga mkono bwawa kwa hoja kwamba mali ya asili ni ya kutumiwa kwa manufaa ya wengi. Muir naye aliliona bonde kama hekalu. Nadhani si haki kumdharau Pinchot, kwani kiu ya jiji haikuwa porojo, ingawa palikuwa na vyanzo vingine vya maji.

Vita vikiwa vingali vinaendelea, mnamo Agosti 1911, mzee wa miaka 73 alipanda meli peke yake kwenda kutimiza ndoto ya ujana. Alipita Amazon, akaitafuta misonobari ya kale ya Chile, kisha akavuka hadi Afrika Kusini na kwenda kuitazama mibuyu karibu na maporomoko ya Victoria. Siku hiyo ya mibuyu aliihesabu miongoni mwa siku kuu za maisha yake. Mapema mwaka wa 1912 aliwasili Mombasa, akapanda gari la moshi kupitia Nairobi hadi Ziwa Viktoria, na kufika chanzo cha mto Naili kule Jinja. Reli hiyo ilipanda na kukatiza misitu ya Mau, nyumbani kwa Waogiek. Kwa mara nyingine alipita katika msitu wa mlimani wenye wenyewe. Waogiek hao walikuja kufukuzwa mara kadhaa kwa jina la uhifadhi. Iliwalazimu kungoja hadi tarehe 26 Mei 2017 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kuwekwa mabegani mwao.

Muir alirudi New York mnamo Machi 1912, akaendelea kuandika barua na makala za kulitetea bonde. Tarehe 19 Desemba 1913 Rais Woodrow Wilson alitia sahihi sheria iliyoruhusu bwawa. Ujenzi wa ukuta wake ulikamilika mwaka wa 1923, na maji ya Hetch Hetchy yanaendelea kunywewa San Francisco hadi leo. Muir hakuyaona hayo. Baada ya kushindwa alirudi kwenye muswada wa safari zake za Alaska uliokuwa umemkalia kwa muda mrefu. Desemba 1914 alikwenda jangwani kumtembelea binti yake Helen, akashikwa na nimonia, akapelekwa hospitali mjini Los Angeles. Alifariki tarehe 24 Desemba, kurasa za muswada zikiwa karibu na kitanda. Kitabu hicho cha Alaska kilichapishwa mwaka uliofuata, kikiwa hakijakamilika.